Jinsi ya Kujifunza Lugha ya Asili ya Kenya Ukiwa Nairobi

Kenya ina lugha zaidi ya 60, na nyingi kati ya hizo husikika kila siku jijini Nairobi: kwenye vibanda vya Gikomba, katika maduka ya Eastleigh, ndani ya matatu za Kangemi na Kawangware, na makanisani Jumapili asubuhi. Hata hivyo, mkazi wa jiji hili anaweza kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa na kustaafu bila kulazimika kutumia lugha nyingine zaidi ya Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Anayetaka kujifunza lugha ya wazazi wake aliyoikosa utotoni, au lugha ya wakwe, au ya majirani, hukutana na kizuizi kikubwa kuliko sarufi: kila anapofungua kinywa kwa kusitasita, anayezungumza naye humhurumia na kumgeuzia Kiswahili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Msimamo wangu ni kwamba Nairobi ni shule nzuri sana ya lugha za asili, mradi mwanafunzi apate mtu mmoja, mahali pamoja, na makubaliano ya wazi kwamba hapo Kiswahili kitawekwa kando.

Jua kwanza lugha unayoitaka imekaa upande gani

Lugha za Kenya hugawanywa katika makundi matatu makuu, na kundi ambamo lugha yako imo ndilo litakaloamua ni kiasi gani Kiswahili chako kitakusaidia. La kwanza ni Kibantu, ambamo mna Gĩkũyũ, Kikamba, Kimeru, Kiembu, Ekegusii, lugha za Waluhya, lugha za Wamijikenda, Kitaita, Kipokomo na Kikuria. La pili ni Kiniloti, ambamo mna Dholuo, lugha za Wakalenjin, Kimaasai, Kisamburu, Kiturkana na Kiteso. La tatu ni Kikushi, ambamo mna Kisomali, Kiborana, Kiorma na Kirendile. Kibera ina jambo lake la pekee, kwa kuwa ndiyo ngome ya Kinubi, lugha yenye asili ya Kiarabu iliyoletwa na wanajeshi kutoka Sudan waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakikuyu 8,148,668, Waluhya 6,823,842, Wakalenjin 6,358,113, Wajaluo 5,066,966 na Wakamba 4,663,910. Takwimu hizi hunukuliwa mara nyingi kana kwamba ni idadi ya wazungumzaji, ilhali sensa huuliza mtu ni wa jamii gani, si anazungumza nini nyumbani, na maelfu ya watoto wa Nairobi wamehesabiwa humo ingawa hawawezi kumsalimia nyanya yao kwa lugha yake. Kwa hiyo, ukubwa wa jamii usiwe kigezo chako cha kwanza cha kuchagua. Kigezo bora ni mtu: je, kuna mtu ambaye utazungumza naye lugha hiyo kila wiki, na ambaye atafurahi kukusikia ukiizungumza? Lugha ya jamii ndogo yenye mtu wa aina hiyo mlangoni pako ina manufaa kwako kuliko lugha ya mamilioni ambayo utaisikia redioni tu.

Kuna majina matatu yanayohitaji uangalifu, kwa sababu yanaonekana kutaja lugha moja ilhali yanabeba lugha au lahaja nyingi. Mtu akikwambia anataka kujifunza Kiluhya, bado hajachagua. Lubukusu, Lulogooli, Oluwanga, Olunyore, Lutiriki, Lwisukha, Olusamia na nyinginezo zinatofautiana kiasi kwamba Mbukusu na Mlogooli wakikutana Nairobi huenda wakaamua kutumia Kiswahili. Hata neno la shukrani hubadilika, kwani Mwanga atakwambia “orio” na Mbukusu atakwambia “wanyala”. Vivyo hivyo, chini ya jina Kalenjin wamo Wakipsigis, Wanandi, Wakeiyo, Watugen, Wamarakwet, Wapokot, Wasabaot na Waterik, na Kipokot kiko mbali na Kikipsigis kuliko wengi wanavyodhani. Wamijikenda nao ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana na Wakauma. Chagua lahaja ya mwalimu wako na uishikilie hiyo hiyo mpaka ikae vizuri. Anayeokota maneno ya Lubukusu leo na ya Lulogooli kesho hujikuta na lugha ambayo haina mwenyewe.

Tafuta mtu, na mkubaliane

Kumuuliza mtu kabila lake Nairobi ni jambo la kufanywa kwa staha. Nchi hii iliona katika ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 swali hilo linavyoweza kutumiwa, na wapo wanaoishi hapa ambao hawajasahau waliulizwa na nani, na kwa nini. Usikisie lugha ya mtu kwa sura wala kwa jina, na usianze na “wewe ni mtu wa wapi?” Eleza nia yako kwanza: “Samahani mama, ninajifunza Kikamba, je, ungependa kunisaidia kidogo, au unamjua anayeweza?” Nia ikitangulia, mtu huona kwamba anaombwa elimu, si kitambulisho.

Mwalimu mzuri ni mtu mzima, na ikiwezekana mzee, aliyelelewa katika lugha hiyo kabla ya kuja mjini. Kijana wa umri wako atakuwa rafiki mwema, lakini yeye pia amezoea kuchanganya na Sheng, na baada ya dakika kumi mtakuwa mmeshahamia huko bila kujua. Mzee ana maneno ambayo kijana ameyapoteza, ana subira, na mara nyingi ana saa za mchana ambazo hakuna anayemtembelea. Mlipe, au umpelekee sukari, majani ya chai na unga kila unapokwenda. Si vyema kudhani kwamba kwa kuwa hana cheti cha ualimu, muda wake hauna thamani.

Makubaliano yenyewe yawe ya maneno machache yanayoeleweka. Kwanza, mwombe asikujibu kwa Kiswahili hata ukikwama, bali arudie polepole. Pili, asisahihishe kila kosa, bali arudie sentensi yako kwa usahihi nawe uiseme tena. Tatu, mwombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu, na umwambie wazi kwamba sauti hiyo ni yako ya kujifunzia na haitasambazwa. Ili makubaliano haya yasivunjike siku ya kwanza, jifunze mapema swali moja litakalokufungulia njia, yaani “hiki ni nini?” Kwa Gĩkũyũ ni “Gĩkĩ nĩ kĩĩ?”, kwa Kikamba “Kĩĩ nĩ kyaũ?”, kwa Dholuo “Ma en ang'o?”, na kwa Kisomali “Kani waa maxay?” Ongeza ombi la kusemeshwa polepole, ambalo kwa Gĩkũyũ ni “Aria kahora” na kwa Dholuo ni “Wuo mos”. Ukiwa na sentensi mbili za namna hiyo unaweza kukaa na mtu jikoni saa nzima, ukigusa sufuria, mwiko, jiko na kuni, na kuondoka na maneno zaidi ya utakayoyakariri kwenye karatasi.

Salamu na heshima kabla ya msamiati

Waswahili wanajua kwamba salamu si kitu cha kurukwa, na jamii nyingine za Kenya hazina tofauti katika hilo. Tofauti iko katika nani anasalimiwa vipi. Kwa Kimaasai, salamu ya kawaida ni “Supa” na jibu lake ni “Ipa”, lakini wanawake husalimiwa kwa “Takwenya” na hujibu “Iko”, na mtoto humwinamia mzee kichwa ili aguswe. Kwa Kikamba, mkubwa humsalimu mdogo kwa “Wakya”, naye mdogo hujibu “Aa”. Ukiigeuza ukamwambia mzee “Wakya”, umejipa umri usio wako. Kwa Dholuo, asubuhi husemwa “Oyawore” na jioni “Oimore”, na jibu huongezewa “ahinya”. Wakalenjin husema “Chamgei”, na shukrani yao ni “Kongoi”. Waluhya wengi husema “Mulembe”, Wameru “Muuga”, na Wagusii asubuhi husema “Bwakire buya”.

Majina ya ukoo nayo yafaa kujulikana mapema, kwa kuwa ndiyo utakayotumia kumwita mwalimu wako. Nyanya ni “cũcũ” kwa Gĩkũyũ, “susu” kwa Kikamba, “kogo” kwa Kalenjin, “kukhu” kwa Lubukusu na “magokoro” kwa Ekegusii. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeingia nyumba ya Wagusii asishtuke akisikia mama akiitwa “baba”, kwa kuwa katika Ekegusii ndivyo mama anavyoitwa, na baba ni “tata”. Wajaluo humwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, kwa mfano Min Atieno, au kwa jina la mahali alikotoka, likitanguliwa na “Nyar”. Ukiuliza tangu siku ya kwanza mwenyeji wako anapenda kuitwaje, umeshaanza kuzungumza lugha yake.

Tumia Kiswahili pale kinaposaidia, na ukiache pale kinapopotosha

Kwa lugha za Kibantu, Kiswahili ni mtaji mkubwa ambao wanafunzi wengi hawautumii vya kutosha. Ngeli tulizofundishwa shuleni zimo humo karibu zote. Mtu na watu wa Kiswahili ni “mũndũ” na “andũ” katika Gĩkũyũ na Kikamba, “omonto” na “abanto” katika Ekegusii, na “omundu” na “babandu” katika Lubukusu. Mti na miti ni “mũtĩ” na “mĩtĩ” katika Gĩkũyũ, na “omote” na “emete” katika Ekegusii. Sauti nazo hufuatana kwa utaratibu: mbuzi wa Kiswahili ni “mbũri” katika Gĩkũyũ na “mbũi” katika Kikamba, na mwezi ni “mweri” katika Gĩkũyũ na “mwei” katika Kikamba. Mwanafunzi anayeiona njia hii, kwamba z ya Kiswahili inaweza kuwa r kwa Mkikuyu na kutoweka kabisa kwa Mkamba, huanza kukisia maneno asiyofundishwa, na mara nyingi hukisia vyema. Tengeneza daftari lenye safu mbili, Kiswahili upande mmoja na lugha yako upande wa pili, na uandike humo maneno yanayofanana kwanza.

Kiswahili hupotosha katika mambo matatu. La kwanza ni irabu. Kiswahili kina tano, Gĩkũyũ kina saba, na zile mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ. Ĩ hutamkwa kati ya i na e, na ũ hutamkwa kati ya u na o. Alama hizi si mapambo: “guka” ni babu, na “gũka” ni kuja. Sikiliza mwalimu wako akiyasema maneno hayo mawili moja baada ya jingine mpaka sikio liyatenganishe, kwa maana kinywa hakitaweza kutoa tofauti ambayo sikio halijaisikia. Herufi nyingine za Gĩkũyũ nazo zina matamshi yake. C husikika karibu na sh, na th husikika kama dh ya dhahabu. Kitenzi nacho huanza kwa kũ- au gũ- kulingana na kinachofuata: “kũruga” ni kupika na “kũrĩa” ni kula, lakini ikifuata k, t, c au th, kũ- hulainika kuwa gũ-, kama katika “gũthiĩ”, kwenda. Kanuni hii ukiielewa mara moja inakuondolea mamia ya makosa.

Jambo la pili ni toni. Kiswahili hakitumii kupanda na kushuka kwa sauti kutofautisha maana ya maneno, ila Gĩkũyũ, Dholuo, Kalenjin na Kimaasai hufanya hivyo, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi. Katika Dholuo, maandishi “kendo” yanaweza kuwa mafiga, kuoa au kuolewa, au tena, na msikilizaji huyatofautisha kwa sauti peke yake. Ndiyo maana nasisitiza kurekodi: neno lililoandikwa tu daftarini limebeba nusu ya neno.

La tatu ni wakati uliopita. Sisi hutumia -li- kwa jambo la asubuhi ya leo, la jana na la zama za mababu. Gĩkũyũ, Ekegusii na lugha kadhaa za Waluhya huwa na maumbo tofauti kwa lililotokea sasa hivi, la leo, la jana na la zamani. Usijaribu kuyakariri yote pamoja. Kila jioni msimulie mwalimu wako, au simu yako, ulichofanya leo, na ukae na umbo la leo kwa wiki kadhaa kabla ya kuhamia la jana.

Kwa anayejifunza lugha ya Kiniloti au Kikushi, maneno ya kufanana ni machache, na inabidi kuanza karibu upya. Dholuo huweka wingi kwa kubadilisha mwisho wa neno na mara nyingine konsonanti yenyewe: nyumba ni “ot”, nyumba nyingi ni “udi”, mbwa ni “guok”, wengi ni “guogi”. Kalenjin haitofautishi maana kwa p na b au kwa k na g, na mtoto ni “lakwet” ilhali watoto ni “lagok”. Kimaasai huanza nomino kwa kuonyesha jinsia, ol- kwa kiume na en- kwa kike, kama “olayioni”, mvulana, na “entito”, msichana. Kila nomino ijifunzwe pamoja na wingi wake siku ile ile, kama tulivyofanya sisi na mtu na watu. Anayejifunza Kisomali ana nafuu ya maandishi, kwa kuwa tahajia ya herufi za Kilatini iliyopitishwa Somalia mwaka 1972 ina nidhamu nzuri. Akumbuke tu kwamba x ni ile h nzito ya Kiarabu na c ni sauti ya herufi ya Kiarabu ain, kwa hiyo Maxamed ni Muhammad na Cabdi ni Abdi. Aliyesoma Kurani chuoni utotoni ataona sauti hizo si ngeni kwake.

Soko kama darasa

Baada ya salamu na maswali machache, nenda sokoni, na uende na lugha moja tu. Nitatumia mfano wa soko la samaki la Gikomba, ambako akina mama wengi wauzaji huzungumza Dholuo wao kwa wao mchana kutwa. Fika baada ya pilikapilika za alfajiri kupungua, kwa sababu mwenye wateja kumi mbele yake hana nafasi ya mwanafunzi. Utamkuta mama amekaa nyuma ya meza, samaki wamepangwa kwa ukubwa, kisu na ubao viko karibu, na bakuli la kupimia omena liko pembeni. Kumbuka kwamba tayari unajua Dholuo zaidi ya unavyodhani: omena, mbuta na ngege ni maneno ambayo Nairobi nzima imeyachukua kutoka humo. Yaongezee majina ya samaki wengine, “kamongo”, “mumi” na “fulu”, na “obambla”, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani.

Msalimie, subiri ajibu, kisha umwonyeshe samaki mmoja: “Rechni pesa adi?” Huyu samaki ni pesa ngapi? Neno samaki ni “rech”, na -ni iliyogandishwa mwishoni ndiyo huyu wetu. Ukionyesha aliye karibu naye utasema “rechno”, na wa mbali “rechcha”. Atakutajia bei kwa Dholuo akikuamini, au kwa Kiswahili akikuhurumia. Akikugeuzia Kiswahili, wewe endelea na Dholuo. Hesabu za moja hadi kumi ziwe mdomoni kabla hujaondoka nyumbani: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, auchiel, abiriyo, aboro, ochiko, apar. Omba apunguze: “Duok nengo piny.” Ukinunua omena, omba nyongeza kidogo: “Medna matin.” Nimeona mara nyingi jinsi sentensi hiyo ya mwisho inavyobadilisha mazungumzo, kwa maana mteja anayeomba nyongeza kwa lugha ya mwenye duka si mgeni tena, na jirani wa meza ya pili naye huingilia kukusahihisha. Maliza kwa “Erokamano”, na ununue kweli. Kumtumia mfanyabiashara kama mwalimu bila kununua chochote ni kumpotezea riziki.

Rudi kwa mama yule yule. Anayetembea meza kumi akisema sentensi ile ile mara kumi hujifunza sentensi moja, bali anayerudi kwa mtu mmoja kila wiki huulizwa habari za watoto, za mvua na za kazi, na hapo ndipo lugha inapoongezeka. Utaratibu huu unafaa kwa Kisomali Eastleigh, kwa Gĩkũyũ kwa mama mboga wa mtaani kwako ikiwa ndiyo lugha yake, ambapo bei huulizwa “Nĩ mbeca cigana?”, na kwa lugha za Waluhya huko Kangemi na Kawangware.

Redio, kanisa na maandishi

Redio za lugha za asili ni hazina ambayo haikuwako kwa kizazi kilichotangulia kwa wingi wa leo. Tangu Kameme ilipoanza kutangaza kwa Gĩkũyũ mwaka 2000, zimefuata Inooro kwa Gĩkũyũ, Ramogi kwa Dholuo, Musyi kwa Kikamba, Kass na Chamgei kwa Kalenjin, Mulembe kwa Kiluhya, Egesa kwa Ekegusii, Muuga kwa Kimeru, Star kwa Kisomali na nyinginezo. Anayeanza asisikilize vipindi vya mazungumzo na utani, kwani humo watangazaji huzungumza kwa kasi na kwa mafumbo. Aanze na habari. Sikiliza au utazame taarifa ya saa moja jioni kwa Kiswahili, kisha utafute taarifa ya jioni hiyo hiyo katika lugha yako. Majina ya watu, ya kaunti na ya mambo yaliyotokea utakuwa umeshayajua, na kazi iliyobaki ni kusikia namna yanavyounganishwa. Baada ya hapo, sikiliza matangazo ya vifo. Yana muundo unaojirudia, yanataja mume wa nani, mwana wa nani, nduguye nani, kijiji gani na mazishi lini, na kwa hiyo yanafundisha majina ya ukoo, tarehe na mahali kwa pamoja, kwa matamshi ya utulivu.

Makanisa mengi ya Nairobi yana ibada ya lugha ya asili kando ya ile ya Kiswahili na Kiingereza, na Biblia imetafsiriwa kwa lugha zote kubwa za Kenya. Hata asiye Mkristo anaweza kunufaika na tafsiri hizo kwa njia hii: chukua sura moja ya Injili ya Marko kwa Kiswahili, uiweke kando ya sura hiyo hiyo kwa lugha yako, na usome mstari kwa mstari. Kasoro yake ni kwamba lugha ya Biblia ni ya zamani kidogo na ya heshima kuu, na ukiipeleka sokoni ilivyo utaonekana unahubiri. Itumie kwa kusoma na kwa sarufi, si kwa maongezi. Programu za kutafsiri za simu nazo ziangaliwe kwa tahadhari, hasa kwa lugha zenye toni, na kila sentensi inayotoka humo ipitishwe kwa mwalimu kabla hujaisema mbele za watu.

Wenye watoto

Mzazi anayesubiri shule imfundishie mtoto lugha ya mama atasubiri sana. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza na kulinda lugha za watu wa Kenya, zikiwemo lugha za asili na Lugha ya Ishara ya Kenya, na mtaala wa umilisi una somo la lugha za asili katika gredi ya 1 hadi ya 3. Hata hivyo, sera hiyo hufuata lugha ya eneo, na katika darasa la Nairobi lenye watoto wa jamii kumi, lugha ya eneo huwa ni Kiswahili. Wapo pia wazazi waliovishwa shingoni kipande cha mbao shuleni kwa kosa la kuzungumza lugha ya kwao, na ambao, kwa kuogopa mtoto naye aaibishwe, wameamua kimya kimya kutompa kabisa. Uamuzi huo unaeleweka, ila unaweza kubadilishwa hata mtoto akiwa na miaka kumi.

Gawa nyumba kwa watu, si kwa siku. Mzazi mmoja ashikilie lugha yake kwa kila jambo na kila wakati, hata mtoto akijibu kwa Kiswahili. Mzazi mwenye lugha nyingine ashikilie yake. Utaratibu wa “Jumamosi ni siku ya Ekegusii” huvunjika wiki ya pili, mgeni anapofika. Mpigie nyanya simu kila jioni na umpe mtoto azungumze naye peke yake, wewe ukiwa chumba kingine, kwa kuwa mtoto akikuona karibu atakutumia kama mkalimani. Usimcheke anapokosea, na usikubali shangazi na wajomba wamcheke. Watoto wengi wa Nairobi wanaielewa lugha ya wazazi wao vizuri, na kilichowafunga mdomo ni kicheko cha siku moja huko nyumbani wakati wa likizo ya Desemba.

Unapokwenda mashambani

Safari ya kwanza ya kwenda lugha inakozungumzwa ipangwe baada ya miezi kadhaa ya mwalimu, soko na redio, ili usitumie siku zote za huko kwa salamu. Mwambie mwenyeji wako mapema kwamba hutaki Kiswahili, na umwombe awaambie majirani. Chagua kazi ya mikono ya kushiriki: kuchuma chai Kisii, kupura maharagwe, kukamua ng'ombe, kuteka maji. Kazi ina maneno machache yanayorudiwa, na hakuna anayekukazia macho unaposema. Utasikia pia kwamba lahaja ya huko si ile ya mwalimu wako wa Nairobi. Mkikuyu wa Nyeri hazungumzi sawasawa na wa Kiambu, wala Mkamba wa Kitui na wa Machakos. Andika tofauti hizo kwenye ukurasa wao, pamoja na jina la kijiji, kisha ukirudi mjini mwonyeshe mwalimu wako na umwulize yeye angesemaje.